Jina Ambalo Kariuki Hakulisikia

Mjukuu wangu Kimani,

Huku Ruring'u mvua imekataa, na nyumba imekuwa kimya tangu tumzike kaka yangu Kariuki. Umeniuliza ununue amplifaya gani ya gari. Chagua yenye nguvu ambayo spika zako zinaweza kubeba kutwa nzima, usidanganywe na namba kubwa ya kwenye boksi. Wufa, ile spika ya besi, ipe amplifaya yake. Hayo nilifundishwa na Kariuki.

Tukiwa vijana alifunga mtambo kama huo kwenye pikapu yake, na sauti ilikuwa safi kweli. Asubuhi moja alikuwa akirudisha gari nyuma hapa uani, muziki ukiwa juu. Mama alikuwa nyuma ya gari, anamletea sweta. Aliita. Mimi nilipiga kelele mlangoni hadi majirani wakatoka. Kariuki hakusikia.

Baada ya kumzika Mama, hakuwasha hata redio tena. Siku zake za mwisho hospitalini aliniuliza, "Mama alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anakuita kwa jina lako."

"Kwa hasira?"

"Hapana. Kawaida tu, kama mtu anayejua atasikika."

Sijui kama jibu hilo lilimsaidia. Mimi halijanisaidia.

Ni mimi, cucu wako