Msomaji wa Matangazo ya Vifo

Jaro, Iloilo
3 Machi 1991

Mdogo wangu Letisia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na habari za watu wote.

Picha uliyotuma imefika. Mama ameizungusha kwa majirani wa mtaa huu, na wa mtaa wa pili amewaita waje wenyewe. Umependeza. Lile koti nadhani umepewa kazini, maana hukuondoka nalo. Kila jioni saa kumi na mbili Mama anafungua redio, anatunyamazisha mimi na paka, tunakusikiliza ukisoma taarifa ya habari huko Manila. Jumanne ulikosea jina la gavana wetu. Hakuna aliyegundua ila mimi.

Umeuliza habari za kazi. Kazi ni ileile. Huu mwaka wa nne nasoma redioni matangazo ya vifo alfajiri, na ya nyati wa kulimia waliopotea. Leo nilikuwa na marehemu saba na nyati wawili. Zile habari za mchana alizoniahidi mkuu wa kituo, Bwana Palmares, tangu Krismasi amempa mpwa wake, mtu anayesoma kama anatafuna muwa. Nilikunja karatasi zangu nikaenda kula supu ya batsoy peke yangu.

Nakumbuka nilivyokufundisha kuvuta pumzi kabla ya sentensi ndefu. Ulikuwa unaishiwa pumzi katikati kama mtu anayekimbizwa. Sasa hata husikiki ukipumua. Sisemi kwa ubaya.

Dada yako,
Puring


Manila
24 Machi 1991

Dada Puring, shikamoo,

Habari za afya yako na ya Mama? Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Mwambie Mama asugue magoti kwa mafuta ya nazi yenye tangawizi, na asibebe vikapu vizito.

Pole kwa hayo ya Bwana Palmares. Ni kweli koti ni la kituo. Jina la gavana ni kweli pia, nilikosea, na niliogopa siku nzima kwamba utanisikia.

Huku si kama mnavyofikiri. Chumba changu hakina dirisha, na wasomaji wenzangu wananiita "yule wa mkoani". Lakini nikilalamika kwako najua utaniona nadeka, kwa hiyo naacha.

Dada, usichoke. Wewe unasoma vizuri kuliko sisi wote hapa.

Mdogo wako,
Letisia


Jaro
7 Julai 1991

Letisia,

Hujambo? Mama hajambo, anakusalimu. Mimi pia mzima wa mwili.

Tulikusikia mwezi uliopita mlima Pinatubo ulipolipuka. Siku tatu mfululizo sauti ilikuwa yako tu: majivu, vijiji, watu waliohamishwa. Jirani yetu Aling Basilia alilia, akasema, "Letisia anasoma kama ndugu wa wale watu." Mama akamjibu kwamba kipaji hicho ulizaliwa nacho. Mimi nilikuwa nimekaa palepale naosha mchele.

Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Nakuonea wivu. Si kidogo. Jioni ukianza kusoma, midomo yangu inasoma pamoja nawe, na ukimaliza naona nimeibiwa kitu. Asubuhi nikifika kwenye kipaza sauti nawasoma marehemu wa watu huku nawaza jina lako. Ni dhambi, najua. Nimeungama kwa padri, akaniambia nikuombee. Nimekuombea nikiwa nimekunja ngumi.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Yule Bwana Arrieta wa kituo chenu, kabla hujaondoka, alikuwa hapa Iloilo siku tatu, kwenye harusi ya rafiki yake. Alilala hoteli ya mjini. Asubuhi tatu alinisikia mimi, kwa maana saa hiyo hakuna kituo kingine hewani. Akanisikia, halafu akaja kituoni kwetu akakuchagua wewe, uliyekuwa ukifungua barua za wasikilizaji. Basi amekwishanipima. Koo langu ni la marehemu.

Kampuni ya sukari wanatafuta karani wa ghala. Nimeandika maombi. Wakinikubali naacha redio mwezi wa tisa.

Puring


Manila
21 Julai 1991

Dada yangu Puring, shikamoo,

Natumaini mko salama. Sina ujasiri wa kuuliza mengine. Barua hii nimeichana mara nne.

Usiache redio. Bwana Arrieta hakunichagua mimi.

Alikuja kituoni Jumamosi mchana. Wewe ulikuwa umempeleka Mama kliniki. Nilikuwa peke yangu mapokezini na lile gunia la barua. Alivua kofia akauliza, "Yule mwanamke anayesoma vifo alfajiri yupo?"

Nikamjibu, "Ni mimi."

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka tu. Unajua sauti zetu, hata Mama kwenye simu hututofautisha kwa shida. Alinipa gazeti nisome. Nikasoma kwa pumzi uliyonifundisha. Alisikiliza, akasema mchana sauti yangu ni nyepesi kuliko asubuhi. Nikamwambia nina mafua. Wiki mbili baadaye barua ya kazi ikaja kwa jina langu, na wewe ndiye uliyenipigia pasi nguo za safari.

Unasema unanionea wivu. Dada, mimi nimekuonea wivu tangu nikiwa na miaka sita. Nguo zako ndizo nilizovaa zikichakaa. Shuleni niliitwa mdogo wa Puring. Hata pale redioni ulinitafutia nafasi wewe. Siku ile mtu wa Manila aliposimama mbele yangu akikutafuta wewe tena, nilitaka mara moja tu niwe wewe.

Sina la kujitetea. Niandikie hata matusi.

Letisia


Manila
15 Septemba 1991

Dada Puring, shikamoo,

Mko wazima? Mama amenitumia barua iliyoandikwa na Aling Basilia. Ameandika habari za magoti, za paka, na za paa linalovuja, na juu yako mstari mmoja tu: "Dada yako hajambo." Sijui kama ulikwenda kwenye sukari. Sijui kama umemwambia Mama.

Jioni nikisoma nawaza umekaa karibu na redio, au umetoka nje. Jana nilikwama katikati ya habari ya bei ya mchele. Niambie jambo moja, hata kama ni baya.

Mdogo wako,
Letisia


Manila
8 Desemba 1991

Dada, shikamoo,

Heri ya Krismasi kwako na kwa Mama. Nimemaliza kubahatisha kama utanijibu.

Ijumaa nilimwendea Bwana Arrieta nikamwambia yote. Nilidhani atanifukuza. Akasema kituo kimeshazoea sauti yangu na wasikilizaji pia, nirudi kazini, ila asinisikie nikidanganya tena. Ndivyo ilivyokwisha, kwa dakika kumi. Nilitoka nikalia chooni kwa sababu hakuniadhibu.

Letisia


Jaro
16 Februari 1992

Letisia,

Hujambo? Mama mzima. Paa limezibwa.

Barua zako zote zilifika. Ile ya Julai niliisoma nimesimama, nikaingia ndani nimwambie Mama. Nilimkuta ameweka redio mapajani anakusikiliza, ameinamisha kichwa. Nikaenda kuosha vyombo.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha, na ilikuwa furaha mbaya. Nilikuwa na haki ya kukuchukia, na haki hiyo niliifurahia kama mtoto aliyepewa pipi. Kampuni ya sukari walinikubali. Sikwenda. Nilipita studioni siku ambayo mpwa wa Palmares hakuja, nikasoma habari za mchana bila kumwomba mtu, na fundi akanirekodi kaseti. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe. Miaka minne nilikaa nikingoja mtu avue kofia aulize nilipo. Sikuwahi kupeleka sauti yangu popote.

Nilipeleka kaseti vituo vinne. Cebu walikataa. Viwili havikujibu. Cha nne ni chenu.

Mwezi uliopita nilikuja Manila siku nne. Nililala kwa binamu ya Mama, Tondo, na nilimwomba Bwana Arrieta asikwambie. Nilikuona. Ulikuwa unavuka barabara na mwavuli, umekonda, unakula ndizi ya kukaanga huku unatembea. Nilijificha nyuma ya meza ya magazeti mpaka ukapita. Moyo ulinisukuma nikuite, na wivu ukanishika shati. Lile koti linakupendeza hata likiwa limelowa.

Bwana Arrieta alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo. Ni hii." Kisha akaniuliza kama nakitaka kiti chako cha jioni, kwa kuwa kilikuwa changu.

Nitakwambia ukweli: nilikitaka. Akilini nilikuona umefungasha vitu vyako kwenye boksi. Halafu nikamwambia anipe kilicho wazi. Kilicho wazi ni habari za saa kumi na moja alfajiri. Hakuna vifo humo, wala nyati.

Nafika Ijumaa kwa meli. Usije bandarini. Nimepanga chumba changu Tondo, chenye dirisha. Tutaonana kazini Jumatatu, na mbele ya watu nitakusalimia vizuri. Yaliyobaki yatakuja yakitaka.

Jambo la mwisho. Mama hajui kitu. Niliposema nimepata kazi Manila alipiga makofi, akasema, "Letisia hakumsahau dada yake, amemvuta." Ametangaza hivyo soko zima. Wanawake wa samaki wananisimamisha wananiambia nina bahati ya kuwa na mdogo kama wewe, na mimi naitikia.

Nimemwachia aamini. Usiniombe zaidi ya hapo kwa sasa.

Dada yako,
Puring