Mfereji Mwekundu wa Hajja

Kwako Baba, uliyenikataza kugusa paipu,

Niligusa. Wacha nianze na hilo, usije ukasema nilikuficha. Tena nilipanda hadi paani kwa watu, hapa Al Thumama, ughaibuni ninakofanya kazi za ndani, saa sita mchana, Agosti, kitambaa kilicholowa maji kichwani na spana mkononi. Spana yenyewe sikuihitaji. Niliibeba kwa hasira tu.

Unakumbuka zile nyumba za zamani kule Nakuru, zenye pipa la kuchemshia maji kwa kuni nyuma ya jikoni? Kaka ulimpa spana, mimi ukanipa tochi. "Shika vizuri, mama, na usiguse kitu." Uliniita mama ukiwa na furaha. Ulikuwa unapapasa paipu kwa mgongo wa mkono huku ukijisemea, "Baridi inaingilia chini, moto unatokea juu." Kaka alikuwa anaangalia wasichana wa jirani. Mimi nilikuwa naangalia mkono wako. Halafu nilipokuomba unipeleke chuo cha ufundi, ulicheka hadi ukakohoa. Ukasema hakuna mtu atamfungulia mlango fundi wa mifereji aliyevaa sketi. Kicheko kile bado kinaniuma, Baba, na kufa kwako hakujakipunguza.

Basi sikiliza. Huku jua la kiangazi linachemsha matangi ya paani hadi mfereji wa baridi unakuchoma. Kwa hivyo watu huzima hita. Hita iko ndani, kwenye ubaridi wa AC, na maji yakilala humo yanapoa. Kuanzia Juni, ukitaka maji ya baridi unafungua mfereji mwekundu, ule wa hita. Mgeni huungua siku ya kwanza, kisha anazoea. Mimi namwogesha Hajja, mama yake Madam mwajiri wangu, kwa mfereji huo mwekundu, huu mwaka wa tatu.

Asubuhi moja ukatoa maji moto. Mkono wa Hajja ukaiva, akalia kama mtoto. Madam akaja mbio.

"Umewasha hita! Funga virago, nakukatia tiketi leo."

Aki Baba, hasira ilinipanda. Si tiketi peke yake. Ni kuitwa mtu aliyemchoma mzee ninayemsuka nywele kila Ijumaa.

"Siendi popote, Madam. Kwanza gusa hita."

Akagusa. Baridi, na swichi imezimwa. Hata hivyo hakusema nibaki.

Ndipo nikapanda paani kutazama kama kuna mahali paipu ya tangi imeunganishwa na ya mfereji mwekundu bila kupitia hita. Hakuna. Nikashuka nikipapasa kwa mgongo wa mkono kila paipu iliyojitokeza chini ya sinki, chumba baada ya chumba, hadi bafu la wageni. Jana yake fundi alikuwa amefunga humo mpira mpya wa kuogea, ule wenye kifyatuo mwishoni. Aliacha mifereji yote miwili wazi, wa bluu na mwekundu, maana kifyatuo ndicho kinachozuia maji. Sasa maji moto ya paani, yakikosa pa kutokea, yalivuka pale mifereji inapokutana, yakaingia njia ya hita, yakamfikia Hajja. Kosa la kipuuzi hivyo! Nikaifunga yote miwili. Kwa Hajja maji yalitoka moto kidogo, kisha yakapoa.

Madam aliacha mkono kwenye maji muda mrefu. Akasema samahani, kwa sauti ya chini. Nikamwomba arudie mbele ya Hajja. Najua ungenikanyaga mguu ninyamaze. Alirudia, na Hajja akanishika kidole.

Mkataba ukiisha narudi Nakuru, najiandikisha chuo kile kile nilichokuomba ukanicheka. Nitaenda na sketi. Atakayekataa kunifungulia mlango, abaki na bafu lake lililofurika.

Madam aliniuliza ni nani alinifundisha. Nikamjibu, "Baba yangu." Usifurahi haraka. Hukunifundisha, mzee wangu. Ulinipa tochi ukasahau kwamba anayeshika tochi ndiye anayeona kila kitu.

Nimekumiss sana, na sijakusamehe yote.

Binti yako,
fundi