Ombi Kuhusu Mabango ya Marehemu Yusufu

Tanga

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa, Newala.

Mjomba, shikamoo. Naitanguliza kwa unyenyekevu, nikitaraji itakukuta kifua kimetulia baada ya baridi ya huko juu. Je, Bibi naye, miguu inamruhusu kufika uani bila fimbo? Mimi ni mzima wa viungo; kuhusu moyo, sina la kuusifia.

Kusudio la waraka huu ni kuwasilisha kwako ombi juu ya sanduku la bati la marehemu mdogo wangu Yusufu, pamoja na mabango ya sinema yaliyomo. Natambua kwamba kwa desturi yetu mwenye kauli juu ya vitu vya mpwa ni mjomba wake, wala si kaka yake. Kwa hiyo siamuru, naomba.

Binamu Athumani, aliyefika huku kununua mitumba, amenieleza kwamba matangani sanduku lilifunguliwa mbele ya watu, yakatoka mabango niliyokuwa nikimtumia marehemu: majambazi wenye bastola, maiti chini ya ngazi, mwanamke aliyezibwa mdomo. Kina mama wakapiga ukelele. Mzee mmoja akatamka, "Mtu anaweka maiti ndani, analala nazo chumba kimoja, halafu mnauliza kilichomuua!" Tangu hapo imesadikiwa kwamba picha zile ndizo zilizomkausha, na kwamba siku ya arobaini zitachomwa pamoja na mkeka wake.

Habari hiyo imeniumiza kuliko telegramu ya msiba, ambayo ilinifikia marehemu akiwa amekwisha kuzikwa.

Naomba nieleze yalivyopatikana. Nilikuwa mkata tiketi katika jumba la sinema la hapa. Filamu ilipokwisha kuonyeshwa, nililibandua bango lake kwa maji ya vuguvugu, nikalianika kivulini. Fundi wa mashine alinidhihaki: "Wewe Mmakonde, wenzako wanachonga vinyago, wewe unafuga majambazi! Utawaoza binti zako?" Yusufu aliponitembelea, tulichagua ya filamu za upelelezi peke yake, kwa kuwa alipenda zinavyomalizika: mwovu hujulikana. Alilolipenda kupita yote ni la inspekta mwenye kofia, anayetazama kando. Alisema, "Kaka, huyu si Mjomba huyu? Hebu mwangalie! Huyu haulizi mara mbili." Tulicheka hata tukakaa chini. Hilo ndilo pekee alilolitundika juu ya kitanda chake, Mjomba, wala halina maiti.

Alipolazwa hospitali ya Mkomaindo, aliniletea barua kwa mkono wa mkewe, Mama Zainabu, kwamba daktari amemkuta na ugonjwa wa kifua na ametakiwa ameze dawa kwa miezi mingi. Msimu wa korosho ulipoingia alirudi shambani, dawa akaziacha. Katika barua hiyo aliuliza kama pana bango jipya. Nilimjibu kwamba lipo, nalitafuta. Halikuwapo. Tangu biashara huria iliporuhusiwa, watu wamehamia mabanda ya video; jumba letu limefungwa na sasa ni ghala la mitumba, nami napakua marobota humo humo.

Yakichomwa mbele ya watu, itakuwa imethibitishwa kwamba mimi nilimtumia ndugu yangu kifo kwa posta. Nami sina ndugu mwingine wa tumbo moja.

Mfikishie shikamoo mkeo, mkazamjomba wangu aliyemfulia marehemu shati zake hadi mwisho. Mwalimu wa madrasa aliyemsalia, mwambie nimeshukuru. Mama Zainabu mpe pole yangu.

Mjomba, naomba mabango yakabidhiwe Mama Zainabu, au apewe Athumani aniletee. Ukiona ni lazima yachomwe, sitapinga. Ila mtoto Zainabu aambiwe kwamba baba yake alikufa kwa kifua, wala si kwa picha za baba yake mkubwa. Naomba uamuzi wako kabla ya arobaini.

Mimi mpwa wako mtiifu,
Hamisi