Aya Ileile ya Treni

Jumatano usiku

Hapana, ile programu inanidanganya. Haiwezekani kila nikijipima kasi ya kutaipu niwe wa kwanza darasani.

Leo matokeo yalipotoka, Salma, tunayekaa naye kompyuta moja, alinipiga bega. "We mashine! Dodoma mjini kwenye mashindano unaenda wewe, nani mwingine?" Alicheka. Sikupenda alivyocheka. Au na yeye ameshagundua?

Maana aya ya kujipima ni ileile tangu muhula uanze, ya Kiingereza, inahusu treni. Siisomi tena. Nimeikariri kama tunavyokariri notsi za Baiolojia, hata maana sina hakika nayo.

Salma alipotoka nikajaribu ukurasa wa kitabu cha Uraia. Kasi ikashuka nusu, na kila mstari makosa mekundu. Nikafuta haraka.

Kesho Mwalimu anachagua wa kwenda. Nikinyamaza, mjini watanipa aya nisiyoijua, mbele ya shule zote, na mimi hata kujibu swali darasani natetemeka.

Basi nitamwambia asubuhi: shikamoo Mwalimu, naomba utubadilishie aya.

Naogopa atakubali.