AC Imekufa, Vioo Vimefungwa

Mshauri, pokea salamu zangu kwanza, maana nikianza na shida nitasahau adabu. Mimi ni mama wa watoto wawili walio shule za bweni, kazi yangu ni kushona sare za wanafunzi, nimeolewa na mwanamume mpole asiyelewa wala kunipandishia sauti, na ninaomba unisaidie katika jambo ambalo nikimweleza mtu anacheka kabla sijafika katikati, kwa hiyo wewe nakuomba ungoje ucheke mwisho.

Mume wangu ana gari la kale aliloachiwa na marehemu baba yake, la milango minne, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na analipenda kiasi kwamba wenzake wa chama cha wenye magari ya kale wamembandika jina la Orijino, kwa sababu wakikutana yeye ndiye wa kuuliza, "Hiyo taa ni orijino? Huo usukani je?" mpaka wengine wakimwona anakuja wanafunga boneti. Sasa sifa kubwa ya gari letu ni kwamba lilitoka kiwandani likiwa na AC, jambo ambalo enzi hizo halikuwa la kila mtu, na mume wangu amewatangazia watu kwamba AC ile ile ya kiwandani inapoza mpaka leo, na mshauri, haipozi, ilishakufa zamani, kinachotoka kwenye matundu ya dashibodi ni hewa ya moto yenye harufu ya zulia lililolowa, lakini kwa kuwa alishasema inapoza, basi tukipanda tunafunga vioo vyote, maana mwenye AC hafungui kioo, na tunapita mjini hivyo hivyo kwenye jua kali, tumeiva, huku yeye akiwapungia watu mkono.

Tukikaribia tunakokwenda anasimama pembeni, ananipa taulo, "Mama watoto, jifute uso," halafu ananikumbusha nijifunike mtandio mabegani ili nikishuka nionekane nimetoka kwenye baridi, nami najifunika, na siku moja kwenye mkutano wa chama nilipiga chafya ya kujifanya, mwenyekiti wao akasema, "Shemeji, mwambie apunguze hiyo AC, utaugua," na mume wangu akanitazama kwa mapenzi ambayo sikuyaona hata siku ya harusi.

Nilijaribu ujanja. Nilimleta fundi wa AC za magari nyumbani nikasema amekuja kuangalia friji, akachungulia chini ya boneti na kutueleza vizuri tu kwamba kompresa ya zamani imekwama, mabomba ya mpira yamepasuka, gesi iliyotumika enzi zile haitumiki tena, inabidi iwekwe kompresa mpya ndogo, kondensa kubwa yenye feni yake, mabomba mapya yanayohimili gesi ya sasa, na kile kipoozeo cha nyuma ya dashibodi kibadilishwe, ila vitufe vya kuwashia vitabaki vile vile na hakuna bati litakalokatwa. Mume wangu akamwambia, "Haijafa, imechoka. Niongezee gesi tu." Fundi akasema, "Mzee, gesi mpya kwenye mfumo huu ni kumimina maji kwenye pakacha." Mume wangu akamjibu, "Wewe si ulikuja kwa ajili ya friji?"

Yote hayo ningevumilia, ila kuna mama mkwe. Anaishi nasi, ana presha, kila mwezi anakwenda kliniki, na mwanawe hataki mama yake apande gari la mtu mwingine, anamfungulia mlango, anamfuta vumbi la viatu, anamkalisha kiti cha nyuma kama malkia, na huko nyuma vipini vya kuzungushia vioo ameving'oa na kuviweka kwenye droo ya dashibodi, anasema vikiguswaguswa vinachakaa. Safari iliyopita tulikwama kwenye foleni adhuhuri, na mama mkwe, ambaye siku hizi nadhani akili yake imeanza kuchoka, akawa anasema, "Mwanangu, fungueni kioo kidogo, hii baridi imenizidi." Baridi, mshauri, na jasho linamchuruzika mpaka kidevuni! Mume wangu akasema, "Vumilia mama, naipunguza," akazungusha kitufe. Mama mkwe akasema, "Ahsante, baba," kisha akaangukia upande. Tulipofika nesi akauliza amepatwa na nini, mume wangu akajibu, "AC. Amepigwa na baridi ya AC," na nesi akamfunika blanketi.

Nilisimama pale na mtandio wangu mabegani mpaka daktari alipokuja akamgusa, akaamuru blanketi litolewe na mgonjwa apepewe, ndipo akafumbua macho. Alhamisi ana kliniki tena. Nikisema ukweli, mume wangu ataona nimemvua nguo hadharani na hatanisamehe, nikinyamaza naogopa siku moja tutafika kliniki na maiti, na kwa fundi hakubali kwenda, anasema gari likionekana gereji watu watauliza lina nini. Nishike lipi?

Ni mimi, Ninayejifanya Nasikia Baridi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama, sikucheka. Nilingoja mwisho kama ulivyoniomba, nikafika kwenye blanketi, hamu ikaniisha.

Nianze na mumeo, kwa kuwa ndiye mwepesi. Orijino! Neno hilo na mimi ni maadui wa siku nyingi. Nimelikuta katika vitabu vya historia, katika hotuba za wakubwa, katika vikao vya ukoo, na kila mahali linafanya kazi moja: anayelitaja anataka kitu kisiguswe, na mara nyingi kitu chenyewe kimeshaoza. Sasa nimelikuta chini ya boneti. Mwambie mumeo kwamba aliyeliunda gari lile hakuweka AC ili watu waipige picha. Aliiweka ipoze. Asili ya AC ni ubaridi kama asili ya kisu ni makali. Lile pande la chuma lililoganda mle ndani ni maiti iliyokosa mazishi, na katika habari yako yote mtu aliyeitetea asili ni mmoja tu, yule fundi mliyemfukuza kwa kisingizio cha friji.

Tena usidanganyike kwamba huyu bwana anapenda sana vitu vya kale. Angependa hivyo, angevitengeneza. Yeye ametega mtego akajinasa mwenyewe: alisema inapoza, na sasa hawezi kuitengeneza bila kukiri kwamba ilikufa. Kwa hiyo kila siku uongo ule unataka kulishwa, leo taulo, kesho mtandio, keshokutwa chafya. Juzi uongo huo uliomba kulishwa mama mzazi.

Na chafya ilikuwa ya nani? Usijifiche nyuma ya huo mtandio, bibie. Unajua kazi ya sindano: mshono ukienda upande unaufumua, huendi kumsifia mteja. Hapa umekuwa ukimsifia mteja miaka yote kwa sababu siku ile alikutazama kwa mapenzi. Nakuelewa. Binadamu huuza mengi kwa kutazamwa vile. Lakini ulipokuwa umesimama mbele ya yule nesi ulikuwa na sentensi moja tu ya kusema, ukaimeza, na mgonjwa akaongezewa blanketi juu ya joto lake. Hilo ni lako, usimtwike mumeo.

Halafu unaniandikia kwamba akili ya mama mkwe imeanza kuchoka. Hapo niliweka kalamu chini nikazunguka meza. Isome tena barua yako! Mama yule ana akili kuwashinda wote mliokuwa mle ndani. Alitaka hewa. Alijua mwanawe ametangaza kuna baridi, alijua kwamba akitamka joto atamwaibisha mbele ya mkewe, basi akaomba kioo kwa lugha pekee inayoruhusiwa ndani ya gari lenu. Alisema baridi, akimaanisha nakufa. Mwanawe akazungusha kitufe kisichounganishwa na kitu, naye akamshukuru. Amemsitiri mtoto wake mpaka akazimia, na msidhani Alhamisi atafanya vingine. Mzazi wa namna hiyo hasemi joto hata mkimweka kwenye tanuri.

Sasa nisikilize. Vipini vya vioo virudi mahali pake leo hii. Vinashikwa na skrubu, na mtu anayefungua cherehani na kuifunga hashindwi na bisibisi. Alhamisi mama mkwe aende kwa teksi, wewe ubavuni mwake, vioo chini. Mwanawe akinuna, anune, kununa hakupandishi presha ya mtu mwingine. Na huko kliniki umweleze daktari kilichotokea kweli safari iliyopita, kwa sababu daktari aliyedanganywa humtibu mgonjwa ambaye hayupo.

Gari liende kwa fundi yule yule, na mapema akatazwe kukubali ombi la "gesi tu" hata akibembelezwa. Mafuta ya kompresa ya zamani hayapatani na gesi ya sasa, na mipira iliyokauka itaivujisha kabla hamjafika nyumbani. Abadilishe alivyosema, vyote, avute hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba kabla ya kujaza, aangalie kama alternator, ile inayozalisha umeme wa gari, itaimudu feni mpya, na akishaling'oa zulia linalonuka atandike chini yake kitu cha kuzuia joto la injini. Kompresa ya zamani aisafishe ampe mumeo. Aiweke sebuleni, aifunike kitambaa, awaonyeshe wageni. Hapo haitamdhuru mtu.

Kuhusu chama: wakiuliza gari lina nini gereji, ajibu kwamba AC imeharibika. Magari ya kale huharibika, ndiyo maana wenye nayo wakaunda chama. Na kama mimi najua binadamu, nusu yao nao wanaendesha wamefunga vioo. Huyo mwenyekiti aliyekuonya utaugua, ningelipa nauli yangu mwenyewe nikauone mgongo wa shati lake.

Unaogopa kumvua mumeo nguo. Mama, hakuna anayekutuma barabarani na kipaza sauti. Nyumbani kwenu mpo watatu, na wote watatu mnajua. Aibu anayoikimbia ameshaipata siku nyingi, amebaki kuilinda tu, na wewe na mama yake ndio askari wake. Acheni zamu.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, kabla ya teksi na fundi, mkikaa mezani kula mchana, mama mkwe akiwepo, mtazame mumeo usoni umwambie: "Baba watoto, ndani ya gari lile kuna joto." Ishia hapo. Usimweleze, usimwombe radhi, usimtaje fundi. Mumeo ataanza kutafuta la kusema, mwache atafute. Neno joto likishatamkwa na mwingine, mama mkwe atalisema yeye.