Ulichoniuliza Njiani Kutoka Zombe

Refa, rafiki yangu,

Wiki ya sita sasa tangu tukulaze kaburini hapa Wote, na bado Jumamosi saa tisa mkono wangu hutafuta kibendera. Siku hizi mistari wanachora kwa chokaa, si kwa jivu la jikoni kwa mkeo. Refa wao mpya ni kijana mzuri, lakini hasuuzi kinywa kabla ya mechi. Ulikuwa ukisema, "Filimbi kavu hukohoa," na yake inakohoa kweli. Juzi nilicheka peke yangu pale uwanjani, halafu nikalia.

Tulizunguka miaka mingi, wewe na kaptura yako nyeusi ya pasi ya makaa, mimi nikikimbia pembeni. Jina langu hukuwahi kulitumia. Uliniita Kibendera tu.

Zombe ulichezesha mara moja, na hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Ilikuwa fainali, Zombe na Migwani, nami nilikuwa nimeoa Zombe mwaka uleule. Dakika za mwisho nikamwona mama mkwe anakuja kwenye mstari wangu, kiondo mgongoni, tunaelekea kukutana uso kwa uso. Unaijua nthoni yetu Wakamba, ile haya inayomkataza mtu kukutana na mama mkwe wake. Nikaruka nyuma ya ua wa minyaa, kibendera mkononi. Kelele ziliponitoa, mpira ulikuwa wavuni mwa Zombe na wewe unaniangalia. Nikakiacha kibendera chini. Ukapuliza bao.

Mfungaji alikuwa ameotea, na uwanja mzima uliona. Zombe wakasema umelishwa mbuzi na Migwani. Wakakuita Refa Mbuzi, jina likakufuata mpaka kanisani, wewe mzee wa kanisa. Fainali nyingine hukupewa.

Njiani uliniuliza mara moja tu: "Kibendera, uliona?" Nikasema niliona, ni bao safi. Ningesemaje nilikuwa nimejificha nisikutane na mama mkwe, na timu iliyoumia ni ya kwao?

Kwenye matanga mkeo akaniambia ulijua. Uliona kiondo kinapita mahali nilipopaswa kusimama. Alipokuuliza kwa nini husemi, ukamjibu, "Mwache. Alikuwa anaheshimu mama ya mtu." Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe, Refa. Afadhali ungenigombeza.

Basi Jumamosi iliyopita nilienda Zombe. Kabla ya mechi nikasimama katikati ya uwanja nikawaeleza yote. Kapteni wao wa siku zile, sasa anatembea na fimbo, akasema, "Sasa ile mbuzi tulikuwa tunasema, ilikuwa ya nani?" Watu wakacheka, lakini yeye alivua kofia na hakuirudisha kichwani. Mama mkwe naye, uzee wote huo, alimtuma mjukuu aniambie kwamba siku ile alipita upande wangu kwa sababu alidhani niko upande ule mwingine. Alikuwa ananikwepa.

Mkeo amenipa filimbi yako. Sitaipuliza, si kazi yangu. Ninakuahidi hivi: popote fainali ile itakapotajwa, Wote, Migwani ama kanisani kwako, nitasimama nijieleze kabla mtu hajafika kwenye mbuzi.

Pumzika, Refa. Uliniuliza kama niliona. Sikuona, rafiki yangu. Nilikuwa nyuma ya minyaa.

Wako,
Kibendera