Besi Nje ya Bafu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Halmashauri tena. Kijiwe cha pancha nimekifunga asubuhi nzima, malori yamejipanga barabarani na mimi nimekaa kwenye benchi la ustawi wa jamii. Afisa aliyekuwa na faili la Gwantwa amehamishwa – wa tatu huyo tangu mama yake, dada yangu Sekela, afariki. Huyu mpya, Diana, ameniuliza yale yale. Mke? Sina. Dada mwingine? Sina. Basi mwanamume asiye na mke hapewi barua ya kumlea mtoto wa kike wa miaka sita, anasema. Nitafute mwanamke wa ukoo, la sivyo mtoto ataenda makao ya watoto. Nikamwambia mimi ni mjomba wake, tumbo moja na mama yake. Akaandika. Wote wanaandika.

Nikaenda kulalamika kwa bosi wake. Kaniambia nirudi kwa Diana! Nimetoka na hasira mpaka nikasahau kofia yangu mezani kwao, na baridi hii.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada tumenyoana. Mimi kwanza, kisha yeye, mashine ile ile. Vipara wawili. Ameshika kioo muda mrefu, akasema tumefanana na mama yake. Nikawa namfuta nywele masikioni.

Mama yangu kapiga simu kutoka kijijini Ibaba – nimpelekee yeye huyo mjukuu. Macho ya mama hayaoni vizuri, shule iko mbali, mlima mtupu. Nikamjibu nitafikiria. Uongo, sifikirii. Akiondoka huyu mtoto sijui nitarudi nyumbani kufanya nini.

Jumatano, 23 Julai

Ujinga wangu wa leo: nimemwomba Violet, jirani anayeuza chapati, ajifanye ndugu yetu siku afisa akija. Akakubali. Nikamfundisha Gwantwa amwite mama mdogo. Akaniuliza – mama mdogo wa kweli, au wa siku ya mgeni tu?

Nimemwambia Violet tuache.

Jumanne, 29 Julai

Diana kaja. Bila taarifa, kofia yangu mkononi. Mimi grisi mpaka viwikoni, sufuria halijaoshwa, nguo za shule bado kwenye kamba. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu.

Akaomba aongee na mtoto peke yake uani. Nikajifanya naosha sufuria. Nani anapika? Mjomba. Ugali wake ukoje? Una madonge. (Asante sana, mama.) Nani anakuogesha? Hapo nikaacha kusugua.

Gwantwa akasema anaoga mwenyewe, ila bafu lina giza, kwa hiyo mjomba anasimama nje ya turubai anaimba mpaka amalize. Diana akauliza anaimba nini. Basi mtoto akaimba. Maskini – mimi kwaya naimba besi, na nyumbani hajawahi kusikia sauti nyingine. Akakunja kidevu kifuani akaishusha besi yote, mwanzo mpaka mwisho, bila hata chembe ya wimbo wenyewe. Diana akainamia mkoba wake, akatafuta kalamu iliyokuwa mkononi.

Wakati wa kuaga sura ya ofisini ilikuwa imerudi. Uamuzi si wake peke yake, kuna kikao Alhamisi. Hajaniahidi kitu. Kanirudishia kofia, kasema nimvalishe mtoto soksi.

Sasa Gwantwa anaoga. Naandika nimesimama hapa hapa nje ya turubai, maana nikisubiri nitashindwa. Nasikia kopo, nasikia maji. Leo sauti haitoki kabisa.

Kauliza, mjomba upo? Nikamjibu nipo. Mbona huimbi? Nikasema koo linauma kidogo.

Kajimwagia kopo moja. Halafu kasema basi leo ataimba yeye, ili na mimi nisiogope.